Fumbo la maneno gazetini: Namna ya kulifumbua na sababu za kulithamini

WASOMAJI wa magazeti hawafanani. Wapo wanaoanzia ukurasa wa mbele ili kujua mambo ya serikali, na wapo wanaoanzia ukurasa wa nyuma ili kujua matokeo ya mpira. Lipo pia kundi la tatu, lisilopiga kelele, ambalo hupekua kurasa za ndani likitafuta jedwali la visanduku vyeupe na vyeusi, kisha likaomba kalamu. Hao ni wapenzi wa fumbo la maneno, mchezo ambao wengine huuita chemsha bongo.

Mchezo huu huonekana kuwa wa kupotezea muda. Hata hivyo, una sifa moja ambayo habari hazina, nayo ni kutochakaa. Gazeti linalochapishwa Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,300 kabla ya kufika katika kata kama Nyakakika, wilayani Karagwe, mkoani Kagera. Likichelewa njiani, habari zake huwa zimekwisha kusikika redioni na kusomwa kwenye simu. Fumbo lililomo humo hubaki jipya vilevile, kwa sababu halimwulizi msomaji kilichotokea jana, bali humwuliza anayafahamu maneno kwa kiasi gani.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika maeneo ambayo mtoto huanza kuzungumza lugha nyingine nyumbani, kama vile Kinyambo katika Karagwe na Kyerwa, kisha akakutana na Kiswahili sanifu darasani. Kwake fumbo la maneno linaweza kuwa mwalimu wa ziada, ilimradi limetungwa kwa Kiswahili chenyewe na si kwa kufuata vipimo vya lugha ya kigeni.

Lilikotoka

Fumbo la maneno la kisasa lilianzia Marekani. Tarehe 21 Desemba 1913 gazeti la New York World lilichapisha jedwali lenye umbo la almasi, lililotungwa na Arthur Wynne, mhariri mzaliwa wa Liverpool, Uingereza. Mwaka 1924 kampuni ya Simon & Schuster ilitoa kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo, kikiuzwa pamoja na penseli, na Wamarekani wakashikwa na homa ya kujaza visanduku.

Si wote waliofurahi. Gazeti la New York Times liliukejeli mchezo huo mwaka 1924 kuwa ni upotevu wa muda. Miaka 18 baadaye, Februari 1942, gazeti hilohilo lilianza kuchapisha fumbo lake, nchi ikiwa tayari imeingia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Huko Uingereza, The Times la London lilikuwa limekwisha kuanza tarehe 1 Februari 1930.

Serikali nazo ziliuona uzito wa akili inayohitajika. Januari 1942 gazeti la Daily Telegraph liliandaa shindano la kulimaliza fumbo lake kwa muda usiozidi dakika 12. Baadhi ya walioshiriki walialikwa baadaye kufanya kazi ya siri ya kufumbua ujumbe wa kijeshi wa Ujerumani.

Mgeni aliyemkuta mwenyeji

Jedwali la visanduku lilikuja na gazeti kutoka ng'ambo, lakini kufumba na kufumbua ni mambo ya kale katika Afrika Mashariki. Mtegaji akisema "Kitendawili!" hujibiwa "Tega!" Akitamka kwamba nyumba yake haina mlango, wasikilizaji hutafuta hadi wapate yai. Wakishindwa, mtegaji hudai apewe mji ndipo atoe jibu.

Katika ushairi, Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya mwaka 1776 na 1840, alisifika kwa tungo zenye mafumbo na majibizano. Gazeti la Mambo Leo lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923 liliipokea desturi hiyo, wasomaji wake wakitoa hoja kwa shairi na kujibiwa kwa shairi na wasomaji wa miji mingine. Kwa hiyo kufumba na kufumbua kupitia magazeti ya Kiswahili kuna umri unaozidi miaka 100.

Namna ya kulifumbua

Kila fumbo lina orodha mbili za vidokezo. Ya kwanza ni ya mlalo, yaani maneno yanayosomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Ya pili ni ya wima, yaani kutoka juu kwenda chini. Kila herufi hukaa katika kisanduku kimoja, na mahali maneno mawili yanapokatana herufi huwa ni moja kwa yote mawili. Hiyo ndiyo siri ya mchezo: jibu la neno moja huwa shahidi wa jibu la jingine.

Mfumbuaji mzoefu haanzi na kidokezo cha kwanza kwa sababu tu kimetangulia. Hupitia orodha yote na kujaza yale anayoyajua bila shaka, hasa majina ya watu na mahali. Kisha huiacha lugha yenyewe imsaidie, kwa kuwa Kiswahili kina tabia zinazotabirika.

Kwanza, karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, hivyo kisanduku cha mwisho kina herufi moja kati ya tano: a, e, i, o au u. Pili, herufi q na x hazitumiki, na c haisimami peke yake. Ukiiona C, kisanduku kinachofuata ni H. Tatu, sarufi hutoa ishara. Kidokezo kikianza kwa "wingi wa", huenda jibu likaanza kwa WA, MI, VI au MA. Kikitaja tendo la watu wawili wanaofanyiana jambo, mwisho wake huenda ukawa NA. Kikitaja mtendwa, mwisho wake huenda ukawa WA.

Mfano kutoka Nyakakika

Jina la kata ya Nyakakika linafaa kuonyesha jinsi ushahidi huo unavyofanya kazi. Lina herufi tisa, na herufi K imo mara tatu, katika kisanduku cha nne, cha sita na cha nane. Mtunzi akiliweka katika mstari wa juu, anaweza kuteremsha maneno matatu yanayoanza kwa K.

Kutoka kisanduku cha nne hushuka neno la herufi saba, ambalo kidokezo chake ni "Ufalme wa Rumanyika". Jibu ni KARAGWE, nchi aliyoifikia mpelelezi John Hanning Speke mwaka 1861. Wakati huo wafanyabiashara kutoka pwani walikwisha kufanya kituo chao huko Kafuro, na Kiswahili kilikuwa kimefika kabla ya utawala wa kikoloni. Kutoka kisanduku cha sita hushuka neno la herufi sita, "Mto, tena mkoa", yaani KAGERA. Kutoka kisanduku cha nane hushuka jingine la herufi sita, "Wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012", yaani KYERWA.

Sasa mstari wa sita kutoka juu una herufi tatu zilizokwisha kujipanga: W ya KARAGWE, A ya mwisho ya KAGERA na A ya mwisho ya KYERWA. Kati yao mna visanduku viwili vitupu. Kidokezo cha mlalo kinasema "Lingana kwa kadiri". Mfumbuaji anayekumbuka kwamba tendo la kufanyiana huishia kwa NA hujaza N kabla ya A ya mwisho, na kubakiwa na kisanduku kimoja tu. Neno ni WIANA, ambalo ndilo lililozaa "uwiano". Huenda mtu huyo hakuwahi kulitamka kabla ya siku hiyo, lakini amelifikia kwa kutumia majina ya nyumbani kwao.

Neno moja, maana nyingi

Vidokezo vya namna ya mfano huu ni vya wazi, yaani huuliza maana au habari. Waingereza walizoea pia aina ya pili, ambayo kidokezo chenyewe ni mtego. Humvuta msomaji kwenye maana moja huku jibu likiwa limejificha katika nyingine.

Kiswahili kina utajiri mkubwa wa mitego hiyo. "Paa" ni mnyama, ni sehemu ya juu ya nyumba, na ni kitendo cha kuruka angani. "Kaa" ni kiumbe wa baharini, ni kipande cha moto na ni amri ya kuketi. "Kata" ni chombo cha kutekea maji, ni amri ya kutumia kisu na ni eneo la utawala. Kwa hiyo kidokezo "Nyakakika ni mojawapo, lakini usilete kisu" kina jibu la herufi nne tu: KATA.

Upo pia mchezo wa kinyume, ambao watu wa pwani wameujua kwa muda mrefu, wa kuitanguliza silabi ya mwisho ya neno. Kwa kanuni hiyo "kata" huwa "taka". Kidokezo "Lima kinyume, utatajirika" kina jibu MALI, kwa kuwa silabi za "lima" zikibadilishana nafasi huzaa neno hilo.

Mizani ya R na L

Faida ya mchezo huu kwa mwanafunzi huonekana zaidi pale ambapo ulimi na kalamu havielewani. Wazungumzaji wa lugha nyingi za Kanda ya Ziwa hupata taabu kutofautisha r na l wanapotumia Kiswahili, kwa sababu lugha zao za nyumbani hazizitenganishi kwa namna ileile. Katika mazungumzo kosa hilo huchekwa, na mara nyingi anayechekwa huamua kunyamaza.

Katika jedwali hakuna wa kucheka. Kidokezo kinaposema "Mali itolewayo na upande wa mwoaji", jibu lina herufi sita. Anayejaza MAHALI badala ya MAHARI ataona visanduku vyote vimejaa sawasawa. Lakini herufi ya tano ikikatana na herufi ya tano ya KAGERA, L itakataliwa palepale na R itachukua nafasi yake. Vivyo hivyo, jedwali linaweza kutenganisha "kalamu" na "karamu" au "kula" na "kura".

Kwa upande mwingine, anayejua Kinyambo ana mtaji. Anayesema "omuntu" na "embwa" nyumbani hahitaji kuelezwa mno ili ayatambue "mtu" na "mbwa". Tena, Kiswahili chenyewe kimepokea maneno kutoka Kagera. "Senene", wadudu wanaoliwa kwa hamu mkoani humo, wanajulikana kwa jina hilo hadi Dar es Salaam, na neno hilo la herufi sita lina haki ya kuingia katika fumbo sawa na "pweza" au "jahazi".

Kazi ya mtunzi

Swali linalobaki ni nani atunge. Njia rahisi ni kuchukua jedwali la Kiingereza na kulijaza Kiswahili, lakini njia hiyo hugonga mwamba upesi. Maneno ya Kiswahili kwa kawaida hupishanisha konsonanti na irabu. Ukiweka KATA na chini yake ukaweka LIMA, safu ya kwanza itakuwa KL, ya pili AI, ya tatu TM na ya nne AA. Safu za konsonanti tupu haziwezi kuzaa neno, na safu za irabu tupu huishiwa mapema.

Ndiyo maana jedwali la Kiswahili hufaa liwe wazi, lenye visanduku vingi vyeusi vinavyotenga mistari, kama lile la Nyakakika. Mtunzi hana budi kuamua pia mapema kama CH, SH na NG' zinakaa katika kisanduku kimoja au zaidi, na kuwatangazia wasomaji. Vinginevyo "ng'ombe" atakuwa na herufi tano kwa huyu na sita kwa yule.

Kuhusu usahihi, waamuzi wapo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoka mwaka 1981 na kurudiwa baadaye, na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) ilitoka mwaka 2015. Neno lisilopatikana katika kamusi lisiwekwe bila kidokezo chenye kuelea vizuri, na neno la eneo moja likatane na maneno yanayojulikana kote, ili aliye Kariakoo na aliye Karagwe wapate nafasi sawa.

Katika zama hizi ambapo habari husomwa bure na kusahaulika ndani ya saa chache, magazeti makubwa ya dunia yameng'amua kuwa mafumbo huwarudisha wasomaji kila siku. Mwaka 2022 New York Times, lililowahi kuukejeli mchezo huu, liliununua mchezo wa maneno wa Wordle uliotungwa na Josh Wardle. Magazeti ya Kiswahili hayana haja ya kununua kitu. Vitendawili, kinyume, maneno yenye maana nyingi na majina ya kata zetu vyote vimo ndani ya lugha yenyewe, na gharama yake ni kisanduku kimoja kwa kila herufi.