Suti ya Stanley na Shati la Mwanga

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley hakuingia Ujiji na nguo alizosafiria. Zile alizotoka nazo Unyanyembe zilikuwa zimeraruliwa na miiba hadi zimebaki matambara. Walipoukaribia mji, Novemba 1871 kwa hesabu yake, alimwagiza Selim, kijana wake mkalimani, amtolee suti mpya ya flana, ayapake mafuta mabuti yake, aing'arishe kwa chaki kofia yake ngumu na kuizungushia kitambaa kipya. Sababu ameiandika mwenyewe wala hakuona haya: alitaka aonekane mtu mbele ya mzungu mwenye ndevu za mvi aliyeambiwa yupo mjini, na mbele ya Waarabu wa Ujiji.

Salamu aliyompa mzungu huyo, David Livingstone, siku hiyo wanaijua hadi watoto wa shule. Habari ya suti haisimuliwi, nami naona ndiyo inayotuhusu zaidi sisi tunaoshinda Jumamosi nzima tukipekua mitumba Mwanga, hapa Kigoma.

Watazame waliokutana siku ile. Wa kwanza kuja kumlaki alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone, kavaa shati refu jeupe na kilemba cha kitambaa cha marekani. Livingstone mwenyewe alikuwa na kofia ya buluu yenye utepe wa dhahabu uliochujuka, kizibao cha mikono mekundu na suruali ya kijivu. Alikuwa amerudi kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, si muda mrefu kabla, hoi kwa maradhi, akakuta mali yake yote iliyopelekwa Ujiji imeuzwa na mtu aliyekabidhiwa. Katika yadi 3,000 za kitambaa haikubaki hata moja, wala uzi mmoja wa shanga katika ratili 700. Zama hizo kitambaa ndicho kilichokuwa fedha ya safari. Marekani na kaniki zilipimwa kwa mkono, kwa upande na kwa doti, na kwa hizo msafiri alilipa hongo kwa watawala wa njiani, akanunua chakula na kuwalipa wapagazi. Aliyepoteza majora yake alipoteza kabati na pochi kwa mpigo mmoja.

Sasa, mwenye suti mpya ndiye aliyeogopa. Stanley anakiri kwamba alitamani kukimbia amkumbatie mzee yule, akashindwa kwa sababu ya umati uliomzunguka, na kwa kuwa hakujua Mwingereza huyo angempokea vipi. Akaona afadhali atembee taratibu, avue kofia, atoe salamu ya kirasmi. Woga na kiburi cha bure, ndivyo alivyojihukumu. Suti ilimfikisha mbele za watu, ikaishia hapo.

Tuje Mwanga. Belo hutoka bandari ya Dar es Salaam kwa lori, na siku ya kulifungua wajuzi huwahi. Wanajua pa kutazama: kola kwanza, kisha kwapa, kisha zipu, mwisho wanainua kitambaa kwenye mwanga waone kama kimelika. Wanaochelewa huangukia rundo lililomwagwa juu ya turubai, la "buku, buku, chagua mwenyewe!" Kijana anayetafuta shati la kuendea usaili analivaa papo hapo, juu ya fulana. Kioo kimefungwa kwa waya kwenye nguzo na hakizidi ukubwa wa daftari. Anainama aone kola, ananyooka aone tumbo, anarudi hatua mbili nyuma na bado hajajiona mzima. Basi anamgeukia muuzaji. Sijapata kusikia muuzaji akisema shati halikumkaa mteja, ndiyo maana wenye akili huenda mitumbani na rafiki asiye na adabu.

Shati likishalipiwa, kazi ndiyo kwanza inaanza. Lilishonwa kwa ajili ya mtu wa nchi nyingine, mwenye mabega mapana na mikono mirefu kuliko ya kijana wetu, na pasipo fundi litamfanya aonekane ameazima. Fundi yuko barazani na cherehani yake ya miguu, tepu shingoni, pini mdomoni. Anamsimamisha, anamvuta bega, anachora kwa chaki pale ubavuni pa kupunguza, anakunja mkono wa shati na kuuliza: uishie hapa au hapa? Kwa wengi wetu huenda hilo ndilo swali la pekee kwa siku nzima ambalo jibu lake linategemea tunavyotaka sisi. Shati linapotoka chini ya pasi ya mkaa, kijana anasimama tofauti. Nikiulizwa kujiamini kunanunuliwa wapi, sitataja duka. Nitaonyesha ile dakika ya kupimwa.

Wataalamu nao wameligusa jambo hili. Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, Hajo Adam na Adam Galinsky, walieleza kwamba watu waliovishwa koti jeupe wakaambiwa ni la daktari walifanya vizuri zaidi mtihani wa umakini kuliko walioambiwa koti lile lile ni la mchoraji. Habari hiyo ilisambaa dunia nzima. Wenzao waliporudia jaribio mojawapo la utafiti ule na kutoa matokeo mwaka 2019, hawakuyapata yale ya mwanzo. Mimi sishangai. Koti la kuvishwa na mtu maabara, ambako hakuna anayekujua, litakupa nini? Vaa koti hilo hilo upite kwa mama mkwe, ndipo utapata majibu.

Maana nguo hufanya kazi pale penye macho, na macho yana historia. Pwani, mtumwa alitambulika kwa kaniki au marekani isiyo na urembo, kichwa wazi, miguu mitupu. Zanzibar ilipofuta utumwa mwaka 1897, waliotoka utumwani hawakungoja kuambiwa la kufanya. Wanawake walijitwalia kanga za rangi na baadaye mabuibui, wanaume wakavaa kanzu na kofia. Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922. Na Ujiji je, mji wenye ukoo baada ya ukoo wa watu wa asili ya Manyema, ambao wazee wao wengi walivushwa ziwa na misafara ya pembe na watumwa? Hapo kanzu nyeupe na kofia vilikuwa vinasema kabla ya mtu kufungua mdomo kwamba huyu ni muungwana, si mali ya mtu. Anayemcheka mzee wa Ujiji kwa kushikilia kanzu yake inyooshwe kama karatasi hajui anacheka nini.

Kisha kuna uhaba, ambao wenye miaka sitini na zaidi hawajausahau. Baada ya Vita vya Kagera nchi iliishiwa fedha za kigeni, viwanda vya nguo vikazorota, na watu wakapanga foleni kwa ajili ya doti moja ya kanga. Kigoma ilikuwa na ng'ambo yake: vitenge vilivuka kutoka Zaire na Burundi kwa njia za magendo. Ukawa na kitenge kizuri lakini ukaogopa kukivaa, hasa mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako wa wahujumu uchumi. Nguo mpya, badala ya kumpa mtu kifua mbele, ikamfanya atembee kando ya njia. Mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa na mitumba ikaruhusiwa. Watu waliiita kafa Ulaya, wakaivaa kwa furaha bila kuuliza marehemu alikuwa nani. Kwa hiyo nchi za Afrika Mashariki zilipoazimia mwaka 2016 kuiondoa mitumba ifikapo 2019, na hoja ya hadhi ikatajwa pamoja na ya viwanda, wako waliojiuliza ni hadhi ya nani. Marekani ilitishia kuzinyima nafuu za AGOA, mpango wake wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, na ni Rwanda peke yake iliyoshikilia msimamo hadi ikasimamishiwa nafuu za nguo mwaka 2018. Viwanda nami navitaka. Ila hadhi ya kijana mwenye shati lililopunguzwa likamkaa siioni imepungua wapi.

Ng'ambo ya ziwa wao hawana mjadala huu. Mkongo atalala na njaa lakini hatatoka na suruali isiyopigwa pasi. Ndivyo tunavyowasema, kwa nusu dhihaka na nusu wivu. Mwanamuziki Papa Wemba, aliyeanguka jukwaani Abidjan mwaka 2016 akafariki, aliufanya upigaji pamba kuwa kama dini, na waumini wake walifika hadi huku. Boti zinazotoka Uvira, Baraka na Kalemie zimeleta vitenge vya waksi na mafundi wa mishono ambayo Dar es Salaam huiona baadaye. Ndugu wa mjini akisikia uko Kigoma hukuagiza mambo matatu: dagaa, mawese na kitenge.

Boti hizo zimekuja na krimu pia. Mkorogo wenye zebaki na haidrokwinoni umepigwa marufuku nchini, lakini bado upo, na unauzwa kwa ahadi ile ile ya kujiamini. Sitauweka kapu moja na nguo. Nguo isiyokufaa unaivua jioni.

Lililobaki ni sare za harusi, na hapa nitasema bila kupaka sukari. Kitenge cha yadi 6 kilichochaguliwa na mwenyewe, kikapelekwa kwa fundi anayejua mwili wake, humwinua mwanamke miaka mitano. Kitenge hicho hicho kikichaguliwa na kamati ya harusi, kikatangazwa kwenye kundi la WhatsApp pamoja na bei na siku ya mwisho ya kulipa, ni kodi. Harusi mbili na kicheni pati moja kwa mwezi, kila moja na rangi yake, na mama anakopa kwenye kikoba ili asionekane katika picha peke yake na nguo ya mwaka jana. Anapendeza, hilo sikatai. Lakini jioni nzima anapiga hesabu ya marejesho, na asiyeweza kukopa anasingizia homa. Nimewasikia watetezi wa sare wakisema inawaweka sawa tajiri na maskini. Ingekuwa kweli kama maskini angefika ukumbini. Sare imegeuka kuwa tiketi ya mlangoni, na wanaokosa tiketi ni wale wale ambao bibi harusi alilelewa mgongoni mwao.

Sisemi watu waache kupendeza. Kigoma isiyopendeza siitaki. Ninachoomba ni kidogo na hakina gharama: kamati ikikaa, itaje rangi na isitaje kitambaa. Ikisema kijani, mwenye waksi ya Kongo avae waksi, mwenye kanga avae kanga, na aliyepata gauni lake kwenye rundo la buku aingie nalo, limepunguzwa likamkaa. Mpiga picha atapata kijani chake, na shangazi atakuwemo kwenye picha.