Kuhama na bunduki ya kuwindia: kibali hutangulia, silaha hufuata (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tulimalizia suala la mirathi. Tulisema mzee akifariki na kuacha bunduki, warithi hawaigawani kama shamba au ng'ombe. Huifikisha polisi kwanza, kisha anayetaka kuirithi huomba leseni kwa jina lake mwenyewe. Leo tunasogea hatua moja mbele. Mwenye leseni yu hai na mzima, amepata kazi au ameolewa nje ya nchi, na anataka kuhama na bunduki yake ya kuwindia. Afanyeje?

Swali hili linatugusa sana sisi wa Mara. Mkoa wetu umepakana na Kenya kwa nchi kavu, na ziwa linatuunganisha na Uganda. Serengeti iko mlangoni, na uwindaji ni kazi ya mababu kwa Waikoma, Wanata na Waikizu tangu enzi za upinde na mshale wa sumu. Wakurya wana ndugu pande zote mbili za mpaka. Watu wetu huhama kila mwaka, na baadhi yao wana silaha walizozipata kihalali. Hao ndio ninaowaandikia, kwa sababu mtu mwadilifu anaweza kuwa mhalifu katika safari ya nusu siku kwa kutojua tu.

Jambo la kushika ni hili: leseni ya silaha humfunga mtu mmoja na bunduki moja ndani ya nchi moja. Mtu akihama, kifungo hicho hakihami naye. Lazima kifungwe upya katika nchi anayokwenda, na kifungwe kabla bunduki haijatoka nyumbani.

Utaratibu huu una umri mkubwa kuliko nchi yetu. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels, Ujerumani na Uingereza yakiwamo, yalitia saini hati ya kukomesha biashara ya watumwa. Hati hiyo ilidhibiti pia uingizaji wa bunduki katika Afrika yote iliyo kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Musoma imo katikati ya eneo hilo. Silaha zilizoingizwa zilitakiwa kuwekwa kwenye ghala la serikali. Aliyeruhusiwa kumiliki bunduki ya kisasa alipewa kibali chenye jina lake na alama iliyopigwa kwenye silaha yake, kibali cha miaka mitano tu, kinachoweza kuongezwa muda na kufutwa kikitumiwa vibaya. Jina na alama: misingi hiyo miwili ndiyo inayotumika hadi leo.

Lakini tuseme ukweli wote. Hati ile haikuwaangalia watu kwa jicho moja. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na bunduki kadhaa akawinda miezi mingi. Mwaka 1913 Mmarekani mwingine, Stewart Edward White, alitoka upande wa Waingereza akaingia na silaha zake Serengeti, iliyokuwa chini ya Wajerumani. Wakati huohuo Mwafrika aliyezaliwa katika mbuga hizo alizuiwa kumiliki bunduki kama zao, na hata gobore lake lilitiliwa shaka. Sheria ya leo ni bora kwa sababu inamdai karatasi mgeni na mwenyeji, wote wawili. Usawa huo una thamani kubwa, nasi tuulinde kwa kuutii.

Ipo sababu nyingine ya kuutii, nayo ni ya kwetu kabisa. Vita dhidi ya Idi Amin, vya mwaka 1978 na 1979, viliacha silaha nyingi mikononi mwa watu katika ukanda huu wa ziwa. Baadhi ziliingia kwenye wizi wa ng'ombe Tarime na maeneo ya jirani, na ugomvi uliokuwa wa mishale ukawa wa risasi. Familia zilizozika vijana wao hazihitaji kuelezwa kwa nini askari wa mpakani hachukulii bunduki kuwa mzigo wa kawaida. Kila bunduki isiyo na kumbukumbu huanza safari yake mahali fulani, na mara nyingine ilikuwa halali siku ya kwanza.

Sasa tuangalie mfano. Mkazi wa Kamunyonge, hapa Manispaa ya Musoma, amepata kazi Kisumu. Ana raifo yenye leseni hai. Njia ni fupi: Musoma hadi Makutano, daraja la Kirumi juu ya Mto Mara, Tarime, Sirari, na akivuka tu yuko Isebania. Tangu Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ianze kutumika Julai 2010, yeye mwenyewe anavuka na kutafuta kazi kwa taratibu zilizolegezwa. Raifo yake haimo katika ulegezaji huo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaweka silaha na risasi kwenye orodha ya bidhaa zenye masharti, ambazo haziingizwi bila kibali cha mamlaka husika. Kuzifunga pamoja na magodoro na sufuria, kwa kuwa zote ni mali ya nyumbani, ni kosa.

Upande wa pili anayetoa leseni ni Bodi ya Leseni za Silaha ya Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Leseni ya Tanzania haina nguvu mbele yake. Tena kuna jambo zito zaidi: Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori Mei 1977. Sababu iliyompatia mtu wetu leseni hapa, yaani kuwinda, huko haipo. Kwa hiyo ushauri wangu kwake ni wa wazi: asivuke nayo. Aiuze kwa mtu mwenye sifa kupitia polisi, au aombe kuihifadhi mahali panapotambuliwa na polisi, apewe hati ya mapokezi.

Kosa linalotokea zaidi nyumbani si la kuvuka na bunduki, bali ni la kuiacha. Mtu husema, "Mdogo wangu, nitunzie hii mpaka nirudi," akaisukuma chini ya kitanda. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, huyo mdogo mtu sasa anamiliki silaha bila leseni. Kaka yuko Kisumu, mdogo mtu yuko mahabusu. Usimtwike ndugu yako mzigo huo.

Kama nchi unayohamia inaruhusu, basi fuata mpangilio. Itifaki ya Silaha ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2001 imeuweka vizuri: nchi inayotoa silaha haitoi kibali cha kuisafirisha mpaka ihakikishe nchi inayopokea imeshatoa kibali cha kuiingiza, na nchi za njiani hazina pingamizi. Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, inayozihusu nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, nayo inadai udhibiti wa namna hiyo. Kwa hiyo anza na mamlaka ya kule unakokwenda. Ukishapata kibali chao, kipeleke kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya, naye atakuelekeza namna ya kumfikia Msajili wa Silaha kwa kibali cha kutoka. Baada ya hapo ndipo ukate tiketi. Ukifika, sajili silaha mara moja, na nakala ya usajili huo uirudishe polisi wa Musoma ili jalada lako la hapa lifungwe. Hatua hii ya mwisho wengi huiruka, halafu miaka kumi baadaye bunduki bado inasomeka kuwa iko Kamunyonge.

Kabla ya yote, soma namba ya bunduki yako kwa macho yako. Kwa shotigani ya mitutu miwili, toa ule ubao wa mbele, vunja bunduki kama unayetaka kuipakia, kisha utenge mitutu. Kwa kawaida utakuta namba chini ya mitutu karibu na chemba, nyingine kwenye mwili wa bunduki, na mara nyingi nyingine kwenye chuma cha ule ubao. Zote zinapaswa kufanana, na zifanane na iliyoandikwa kwenye leseni. Mtutu ukiwa uliwahi kubadilishwa, namba zitapishana, na ofisa wa mpakani atakuwa na haki ya kukushuku. Sifuri iliyoandikwa kama herufi O inatosha kukukwamisha. Sahihisha hilo Musoma, ukiwa bado mbele ya watu wanaokufahamu.

Anayesafiri kwa ndege aongeze tahadhari. Bunduki huwa tupu, ndani ya sanduku gumu lenye kufuli, na husafiri kwenye buti la mizigo, kamwe si mkononi. Risasi hufungashwa vizuri na hazizidi kilo 5 kwa abiria, uzito wa kifungashio ukiwamo, na shirika la ndege lazima lijulishwe na likubali mapema. Ukibadilisha ndege katika nchi ya tatu, nchi hiyo nayo inaweza kudai kibali chake.

Na wanaorudi? Mtanzania anayerejea kutoka ughaibuni na raifo aliyoizoea asichanganye hali yake na ya mgeni anayekuja kuwinda. Mgeni hupata kibali cha muda, na akiondoka namba za bunduki zake hulinganishwa na zile alizoingia nazo. Anayerudi kuishi anaingiza silaha moja kwa moja, hivyo anahitaji leseni kama mwombaji yeyote, ombi linaloanzia mtaani kwake na kupanda hadi kwa Msajili. Pasi ya Silaha ya Ulaya, kwa mfano, humsaidia mwindaji kutembea kati ya nchi za Umoja wa Ulaya. Haimwingizi mtu Tanzania. Tena raifo nyepesi ya kuwindia swala wa Ulaya haimpi ruhusa ya kumwinda nyati hapa, kwani kanuni zetu zinataka kipenyo kisichopungua .375.

Yote haya yanachukua miezi, na wapo watakaoona ni usumbufu. Mimi naona ni gharama ndogo. Mkoa huu umeshalipa gharama kubwa ya bunduki zisizo na jina. Mwenye bunduki yenye jina ana wajibu wa kuhakikisha haijiungi nazo, hata kama wajibu huo unamaanisha kuhama bila bunduki.

Itaendelea wiki ijayo: ngozi, pembe na nyara nyingine za uwindaji, na masharti ya kuzivusha mpakani.