Pumzi ya Injini Nyanda za Juu: Sifa na Uthabiti wa Injini ya Dizeli Yenye Tabo Katika Mazingira ya Eldoret

Utangulizi

Jiji la Eldoret limekaa katika uwanda ulioinuka takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na wanariadha huifuata makusudi ili waizoeze miili yao. Injini ya gari haina uwezo huo wa kujizoeza. Ujazo wa hewa uliovutwa Eldoret una oksijeni pungufu kwa takriban sehemu moja kwa tano ukilinganishwa na ujazo uo huo uliovutwa Mombasa. Injini isiyosaidiwa hupoteza nguvu kwa kadiri hiyohiyo. Hapa ndipo injini ya dizeli yenye tabo inapopata umuhimu wake.

Hata hivyo, pana tatizo. Magari mengi yenye injini hizi huingia Kenya yakiwa yametumika Japani, chini ya kanuni isiyoruhusu gari lililozidi umri wa miaka 8. Kijitabu cha maelekezo, endapo kimo, aghalabu huwa cha Kijapani. Mwenye matatu aliyekopa kwenye chama cha akiba na mikopo hujikuta na chombo cha thamani kubwa asichoweza kusoma maelekezo yake. Makala haya yanaeleza jinsi injini hiyo inavyofanya kazi na kubainisha kwamba uthabiti wake hauamuliwi na sifa za kiwandani pekee, bali pia na hewa, oili na dizeli inayolishwa.

Dhana ya tabo

Neno hili lina asili ya Kilatini. *Turbo* katika lugha hiyo ni kimbunga, na vilevile ni pia, kile kichezeo cha watoto kizungukacho kwa ncha. (Mji wa Turbo, magharibi mwa Eldoret, ulikuwa na jina lake kabla ya magari ya aina hii kuwapo.) Maana ya pia inafaa sana. Tabo ni magurudumu mawili madogo yenye mapanga, yaliyounganishwa kwa mtaimbo mmoja. Moshi wa moto utokao kwenye silinda hulizungusha gurudumu la kwanza. La pili, kwa kuwa limefungwa kwenye mtaimbo huohuo, huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya injini. Hivyo nguvu ambayo ingepotea kwenye ekzosi hurejeshwa kazini. Mhandisi Mswisi Alfred Büchi ndiye aliyepata hataza ya wazo hili mwaka 1905, na mwaka 1978 kampuni ya Mercedes-Benz ilianza kuuza gari dogo la abiria lenye injini ya dizeli na tabo.

Dizeli na tabo hupatana kwa sababu ya msingi. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche: hugandamiza hewa mpaka ikapata joto la kuiwasha dizeli inayonyunyizwa. Kadiri hewa inavyokuwa nyingi ndivyo dizeli nyingi zaidi inavyoweza kuungua kikamilifu.

Sifa za injini: mfano wa 1KD-FTV

Mfano unaofahamika vizuri nchini Kenya ni injini ya Toyota iitwayo 1KD-FTV, iliyoanza kutumika mwaka 2000 katika Land Cruiser Prado, kisha ikatiwa katika Hilux na Hiace. Ina silinda 4 zilizopangwa mstari mmoja na vali 16. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 96, na mwendo wa pistoni ni milimita 103, hivyo ujazo wote ni sentimita za ujazo 2,982. Nguvu yake, kutegemea gari na mwaka, ni takriban kilowati 100 hadi 127. Nguvu ya mzunguko ni nyutoni mita 300 hadi 410. Dizeli hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo linalozidi baa 1,000, na tabo yake ina vibawa vinavyogeuka ili kuupa moshi kasi hata injini inapozunguka polepole.

Mtu anayepanda kutoka Bonde la Kerio kuelekea Iten, ambapo barabara hupanda zaidi ya mita 1,000, huona manufaa ya sifa hizo. Lakini takwimu hizo ni za injini nzima, safi na yenye kupoa ipasavyo.

Uthabiti na mambo yanayouathiri

Jambo la kwanza ni oili. Mtaimbo wa tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na unachoelea juu yake ni utando mwembamba wa oili. Penye hewa nyepesi tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia upungufu. Dereva akizima injini papo hapo baada ya kupanda mlima, oili husimama ndani ya chuma chenye moto mkali, ikaungua na kuwa masizi. Dakika moja au mbili za kuiacha injini inguruma polepole zinatosha kuepusha hasara hiyo.

Injini ya 1KD pia ina udhaifu unaojulikana, hasa katika matoleo ya awali: vikalio vya shaba chini ya nozeli vikivuja, gesi ya mwako hupenya na kuitia oili masizi. Masizi hayo huziba chujio la oili chini ya injini. Tabo na beringi hukosa oili, na injini hufa ghafla ingawa kipimo cha oili kilionyesha imejaa.

Jambo la pili ni hewa. Vumbi la barabara za mashambani Uasin Gishu wakati wa kiangazi, likipita kwenye chujio lililotoboka, husaga mapanga ya tabo na kuta za silinda.

Jambo la tatu ni dizeli. Tangu mwaka 2015 kiwango cha salfa katika dizeli ya Kenya kilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, hatua iliyozifaa injini hizi. Lakini uchanganyaji wa mafuta ya taa ulienea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ilitoza mafuta ya taa ada ya shilingi 18 kwa lita ili kuukomesha. Mafuta ya taa hayana ulaini wa dizeli. Hukwangua pampu na nozeli.

Moshi nao husema. Moshi mweusi huashiria upungufu wa hewa au dizeli kupita kiasi. Wa samawati, oili inaungua. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, dizeli isiyoungua au maji ndani ya silinda.

Hitimisho

Imebainika kwamba injini ya dizeli yenye tabo inaistahili nyanda za juu, ila haisamehe uzembe. Maarifa ya kuitunza si mazito. Yamefungiwa tu katika lugha asiyoijua mtumiaji. Mafundi wa gereji wamekwisha kuyapatia maneno mengi: nozeli, gasketi, ekzosi, tabo. Kinachosalia ni kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuyakusanya maneno hayo na kuyaandikia maelekezo. Kijitabu kimoja kinachosomeka chaweza kuokoa injini, na pamoja nayo mkopo ambao haujalipwa.