Likasi: Miaka saba ya kusomea unganga, halafu kungoja matrikile

Matokeo ya Exetat yakishatoka, poda ikishamwagwa vichwani na muziki ukishanyamaza, nyumba nyingi za Kikula, Panda na Shituru hubaki na hesabu. Mtoto amesoma kemia na biolojia, ana asilimia nzuri, anasema anataka kuwa munganga. Baba anafurahi. Mama anafurahi zaidi. Siku inayofuata swali ni moja: atasomea wapi, na kwa feza gani?

Kwa mzazi wa Likasi, majibu si mengi. Kuna Chuo Kikuu cha Likasi, UNILI, ambacho ni cha serikali na kilizaliwa kutoka Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kuna Lubumbashi yenyewe, kilomita 120 hivi kwa barabara ya lami, ambako UNILU ina jina la zamani na kliniki zake za chuo kikuu. Kuna vyuo vya watu binafsi, vingine vya makanisa. Na kwa wenye mfuko mzito, kuna kuvuka Kasumbalesa na kwenda Zambia, ambako masomo ni kwa Kiingereza na mtoto lazima aanze kwa kujifunza lugha.

Watu wengi huanza kwa kuuliza bei ya minervali. Swali hilo ni la lazima, ila halitoshi. Ada za chuo huhesabiwa kwa dola na kulipwa kwa franka, na karibu kila mwaka wanafunzi na wakubwa wa vyuo hubishana juu ya kiwango cha kubadilisha. Lakini kinachomaliza familia ni vile vingine: chumba cha kupanga Lubumbashi, chakula cha kila siku, usafiri, bluzi nyeupe, stetoskopu, silabi, karatasi za maabara, na miezi ya staji ambayo mwanafunzi hana nafasi ya kufanya kibarua chochote. Mtoto anayebaki Likasi anakula kwa mama yake. Hilo peke yake ni feza nyingi kwa muda wa miaka saba.

Miaka saba ndiyo hesabu ya programu ya zamani: mitatu ya graduwa, halafu minne ya doktora, na ule wa mwisho ukiwa wa staji. Tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022, nchi imeingia katika mfumo wa LMD, majina ya miaka yamebadilika, na wazazi wengine wamefikiri kwamba masomo yamefupishwa. Kwa unganga, asiwepo mtu wa kukudanganya. Bado ni safari ndefu kuliko karibu masomo yote mengine, na anayeanguka mwaka mmoja anarefusha safari hiyo.

Swali ambalo wazazi hawaulizi sana, na ambalo kwa maoni yangu ndilo la kwanza, ni hili: mtoto ataona wagonjwa wapi, na nani atasimama nyuma yake? Fakulte ya unganga inaweza kuwa na auditoriamu nzuri na jina kubwa, lakini munganga anafundishwa kando ya kitanda. Katika vyuo vingi vya majimbo, maprofesa wanatoka mbali, wanafundisha somo la mwaka mzima kwa wiki mbili au tatu, wanafanyisha mtihani na kurudi. Somo la sheria linaweza kuvumilia hivyo kidogo. Kumfundisha kijana kupapasa tumbo na kutofautisha apendisi na mimba iliyokaa nje ya kizazi, hapana.

Hapa Likasi ina kitu ambacho miji mingi ya ukubwa wake haina, yaani hospitali za zamani. Wakati mji ulipokuwa bado Jadotville, Union Minière du Haut-Katanga ilijenga hospitali na maternite kwa wafanyakazi na jamaa zao, si kwa huruma tu, ni kwa sababu mchimbaji mgonjwa hachimbi. Gécamines ilizirithi. Hospitali ya Daco na ile ya Panda ni majina ambayo kila mzaliwa wa hapa anayajua, na wengi walizaliwa humo. Kisha Gécamines ikaanguka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, uzalishaji ukashuka, wafanyakazi wakakaa miezi mingi bila mshahara, na mwaka 2003 zaidi ya watu 10,000 waliondoka kazini katika ule mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Hospitali zilizokuwa za kampuni tajiri zikawa hospitali za kampuni yenye madeni, na mgonjwa ambaye zamani alitibiwa kwa kuonyesha kitabu cha mfanyakazi akaanza kulipa kabla ya kuguswa.

Kwa mwanafunzi wa staji, maana yake ni ya moja kwa moja. Familia ikikosa feza ya kipimo, kipimo hakifanyiki, na yeye anajifunza kukisia. Glavu zikiisha, mtu anatumwa kununua kwenye duka la dawa. Hilo ni la nchi nzima, si la hospitali moja, na kijana anayelala usiku wa zamu, ile wanayoiita gade, anaijua vizuri kuliko waziri. Yeye mwenyewe halipwi. Anakuja na chakula chake, taa ya simu yake, na kwa kawaida bado analipa chuo kwa ajili ya mwaka huo.

Ni vizuri kulinganisha. Nchini Kenya, daktari aliyemaliza shule hupangiwa hospitali na wizara na kulipwa katika mwaka wake wa mafunzo kazini. Mwaka 2024 madaktari wa huko waligoma siku 56, na moja ya sababu kubwa ilikuwa malipo ya hao vijana: mkataba wa 2017 ulitaja shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikataka kuwapa 70,000. Msomaji wa Likasi anaweza kucheka kwa uchungu. Wenzetu waligombania kiasi, wakati sisi bado hatujakubaliana kwamba staji ni kazi ya kulipwa. Tanzania nayo ina miaka mitano ya shule na mmoja wa mafunzo hospitalini kabla ya leseni kamili. Kwetu staji iko ndani ya masomo, kwa hiyo kwa sheria kijana bado ni mwanafunzi, hata saa nane za usiku anapokuwa peke yake na mama anayetokwa damu.

Jambo jingine ni lugha. Masomo yote ni kwa Kifaransa, lakini mgonjwa wa Likasi haumwi kwa Kifaransa. Anasema kichwa inaniluma, anasema niko na moto mu mwili, na mama mzee anaweza kuzunguka na habari nyingine kabisa kabla ya kutaja mahali panapomuuma, kwa sababu munganga ni kijana wa umri wa mjukuu wake na jambo lenyewe ni la aibu. Mwanafunzi aliyekulia hapa anajua kungoja. Anajua kumsalimia mama, kuuliza habari za nyumbani, halafu kurudi kwenye ugonjwa. Aliyetoka mbali anajifunza, na wengi hujifunza haraka, lakini hakuna silabi ya jambo hilo.

Na kuna magonjwa ya kwetu. Wachimbaji wa mikono wanaletwa na mifupa iliyovunjika baada ya shimo kuporomoka. Kuna vifua vilivyojaa vumbi. Kuna mambo ambayo sayansi bado inayafuatilia: mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana kwenye mkojo kuliko wanaoishi mbali. Mwaka 2020 utafiti mwingine uliofanyika Lubumbashi uliona kwamba watoto waliozaliwa na kilema walikuwa zaidi na baba wenye kazi inayohusu madini. Kijana anayesomea Likasi hahitaji kusafiri kutafuta mada ya kazi yake ya mwisho. Iko kwenye mto, kwenye ukuta wa shule, kwenye mapafu ya wajomba zake.

Tusisahau pia tulikotoka. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, Kongo haikuwa na mwananchi hata mmoja mwenye diploma ya daktari. Lovanium ilikuwa imefunguliwa mwaka 1954 na chuo cha Élisabethville mwaka 1956, na wanafunzi wao wa kwanza wa unganga walikuwa bado hawajamaliza. Waliokuwepo ni wasaidizi wa waganga, watu waliosoma miaka mingi na kufanya karibu kazi yote, lakini bila jina. Shirika la Afya Duniani lilipeleka zaidi ya mia moja kati yao Ufaransa kukamilisha masomo, wakarudi madaktari. Mwaka 1971 vyuo vyote viliunganishwa kuwa UNAZA, vikaachana tena mwaka 1981. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ikaruhusu vyuo vya watu binafsi, na fakulte za unganga zikaota kutoka Bukavu hadi Butembo. Baadhi ni imara na zina hospitali zao. Nyingine zina ubao barabarani na kidogo nyuma yake. Serikali imekuwa ikitangaza mara kwa mara kufunga zisizo na uwezo, na anayeumia wa kwanza ni mwanafunzi wa mwaka wa nne ambaye hajui diploma yake itatambuliwa na nani.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, mzazi aulize mambo ambayo mtoto mwenyewe ataona aibu kuuliza. Chuo kinatambuliwa na wizara? Waliomaliza mwaka jana wamekubaliwa na Ordre des médecins? Staji inafanyika hospitali gani, na ina madaktari wabingwa wangapi wanaokaa hapo, si wanaopita? Ordre, iliyoundwa na sheria ya 1968, ndiyo inayotoa namba ambayo bila hiyo hakuna anayeruhusiwa kutibu. Diploma nzuri ya ukutani isiyofika hadi namba hiyo ni karatasi. Aliyesoma Zambia, Uganda au kwingineko, naye anarudi na kazi ya kutafuta usawa wa diploma Kinshasa.

Tuseme yote yamekwenda vizuri. Kijana amekula kiapo, ana namba ya Ordre, familia imechinja kuku na kukodi viti. Sasa anaanza kungoja kwa aina nyingine. Kuna munganga anayefanya kazi katika hospitali ya serikali bila matrikile, maana yake serikali haimjui kama mfanyakazi wake. Akipata matrikile, anaweza kukaa bila primu ya hatari. Akipata primu, anangoja mshahara. Hapo katikati anaishi na sehemu yake ya feza zinazolipwa na wagonjwa, ambayo ni kidogo na inategemea mwezi. Hayo ndiyo madai ambayo SYNAMED na sendika nyingine zimeyabeba mgomo baada ya mgomo, ukiwemo ule mkubwa wa katikati ya 2022. Wananchi hukasirika na wanganga, na mtu akifiwa na mgonjwa siku za mgomo sitamwambia asikasirike. Ila hesabu ya kijana huyo baada ya miaka saba inapaswa kuonekana pia.

Wengine wanakimbilia kliniki za makampuni ya migodi, zinazolipa. Wengine wanaingia kwenye mashirika ya misaada, au wanavuka kwenda nchi za kusini. Anayetaka ubingwa anarudi chuo kikuu, Lubumbashi au Kinshasa, kwa miaka mingine minne au mitano kama daktari msaidizi, mara nyingi bila malipo ya maana, wakati wenzake wa darasa la sekondari wana watoto wa shule. Denis Mukwege alisomea Bujumbura, akamaliza mwaka 1983, akaanza Lemera kama daktari wa kawaida, na ni kule alikoona akina mama wakifa kwa uzazi ndipo akaenda Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake. Alirudi mwaka 1989. Watu wanakumbuka Panzi na tuzo ya Nobel ya 2018, lakini kwa kijana wa leo jambo la kuangalia ni ile miaka ya kwanza kijijini.

Maana kijijini ndiko nafasi zilizo wazi. Nchi ina zone za afya 519, na Haut-Katanga ina zake mpaka Mitwaba na Pweto, mahali ambapo mvua ikinyesha barabara inaamua nani afike. Huko munganga wa miaka 27 anaweza kuwa mkurugenzi wa hospitali, mpasuaji, mkunga na mweka hesabu siku moja. Atafanya sezariani ya kwanza bila mkubwa wa kumpigia simu, au simu ipo na mtandao hakuna. Ikiwa katika staji alishika kisu mara tatu tu, mara zote akiwa wa pili nyuma ya mwingine, mama atakayeletwa usiku kwa baiskeli hatakuwa na njia ya kulijua hilo.

Mwanafunzi wa Likasi anayeanza mwaka wa kwanza sasa atafika huko karibu mwaka 2032 au baadaye. Maandikisho hufanyika kwa wiki chache, na wengi huchagua kwa jina la chuo na kwa mahali shangazi anapokaa. Hakuna ubaya wa kukaa kwa shangazi. Ila mzazi aende na mtoto mpaka hospitali ya staji, siku ya kawaida saa nne asubuhi, wakae kwenye benchi na kuhesabu ni wanganga wangapi wakubwa wanaopita kando ya vitanda na wanafunzi nyuma yao.