Mabingwa wa uzito: nani hasa anaivunja barabara?

Msafara mrefu kuliko yote wa matrela uliunganishwa Clifton, Queensland, Australia, Februari 2006. Kichwa kimoja cha Mack kilivuta matrela 112, urefu wa zaidi ya kilomita 1.4. Kwa uzito, bingwa ni lori la BelAZ 75710 la Belarusi, lililozinduliwa 2013. Linabeba tani 450, lakini kazi yake ni ya mgodini tu.

Kwenye barabara za umma, Finland imeruhusu tani 76 tangu 2013, na Sweden tani 74 tangu 2018. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo 2022, ina kikomo cha tani 56 kwa ekseli saba.

Mwenye mali anafurahia tani hizo kwa haki: shofa mmoja, injini moja, safari chache, mafuta kidogo kwa kila gunia. Na barabara je? Jaribio mashuhuri kuliko yote la swali hili lilifanyika Ottawa, Illinois, Marekani, 1958 hadi 1960. Wanajeshi waliendesha malori usiku na mchana mpaka lami na zege vikachakaa. Ilionekana kwamba madhara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli yenye tani 13 badala ya 10 huumiza barabara karibu mara tatu. Lori la Finland la tani 76 lina ekseli tisa, yaani tani nane na nusu hivi kila moja. Kwa hiyo Fuso la ekseli mbili lililorundikiwa saruji laweza kuwa adui mkubwa kuliko jitu hilo.

Hapa ndipo mji wetu wa Bunia, huku Kongo, unapoumia. Barabara ya RN27, inayotuunganisha na Mahagi na mpaka wa Uganda, kwa sehemu kubwa ni udongo, na udongo uliolowa hauna uvumilivu hata wa ile lami ya Illinois. Lori moja likichimba mifereji na kukwama, nyuma yake foleni inalala njiani. Aliyezidisha mzigo ameokoa nauli ya safari moja. Gharama inamwangukia mama wa soko, mwenye pikipiki, na anayejenga nyumba kwa saruji iliyopanda bei.

Kukataza malori makubwa si dawa, maana Bunia inaishi kwa mizigo yake. Mizani iwekwe Mahagi, ipime ekseli mojamoja, na mzigo uliozidi ushushwe pale pale kabla lori halijaanza safari ya Bunia.