Nani anatia sahihi nyumbani?

Tangu tuanze kusoma pamoja Sheria ya Familia, chama chetu kimegawanyika pande mbili. Wa mila wanasema sheria mpya inavunja nyumba. Wa maendeleo wanasema haikufika mbali, maana hata leo inamwita bwana kichwa cha nyumba. Sasa wengine hawasalimiani tena wakitoka mkutanoni.

Tukumbuke ilivyokuwa. Sheria ya tarehe 1 Agosti 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana wake kabla ya kujifunga kwa mkataba. Mama aliyeuza samaki miaka kumi angefika banki akaulizwa: bwana amekubali? Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa bwana na bibi wanapaswa kupatana, na wakishindwa, anayeumia anaweza kwenda kwenye Tribinali ya Amani.

Anaweza, ndiyo, lakini kwa pesa gani? Mwenye mshahara ao duka atalipa avoka na kungoja hukumu. Muuza ndizi akipoteza siku moja, watoto wanalala njaa. Kwa maoni yetu, ugomvi huu unaitwa wa mila, lakini chini yake kuna mali. Wanaoshangilia sheria mara nyingi ni wale wenye uwezo wa kuitumia. Na si kila anayeikataa ni mjinga: anaogopa kufukuzwa, abaki bila bwana na bila shamba. Woga huo una akili yake.

Kuna jambo linalogusa pande zote mbili. Wengi wetu tuliolewa kwa mahari tu. Sheria inakubali ndoa ya kimila, lakini inataka iandikishwe kwa ofisa wa serikali. Pale bwana na bibi wanachagua: kila mtu na mali yake, ao kushirikiana vile walivyopata ndani ya ndoa, ao kushirikiana vyote. Wasipochagua, sheria inawahesabu katika njia ya pili. Bila karatasi, mama atahangaika sana kudai hata parseli iliyonunuliwa kwa pesa za likelemba yake, kwa sababu jina lililoandikwa kwa kawaida ni la bwana.

Katika mkutano ujao, aliye na karatasi ya ndoa ailete. Asiye nayo aje vilevile. Tutahesabu ni wangapi, bila kuuliza mtu yuko upande gani.