Ndeke za vita tuko nazo. Nani anazirusha?

Kwenye grupu moja la vijana wa hapa Uvira kuna mtu aliposti picha ya Sukhoi, akaandika: "Sisi tuko na ndeke za vita, Rwanda haina hata moja. Sasa shida iko wapi?" Wengine wakacheka, wengine wakatukanana, na swali likabaki hivyo hivyo. Mimi naona ni swali zuri.

Kwanza, alichosema ni kweli. Jeshi la anga la Rwanda lina helikopta, kama Mi-17 na Mi-24, lakini halina ndege za jeti. FARDC ina Sukhoi-25, zilizotoka Georgia. Ni ndege ya kiti kimoja na injini mbili, na rubani amezungushiwa sanduku la titani, maana kazi yake si kupigana na ndege nyingine. Kazi yake ni kushuka na kupiga walio ardhini. Na ukishuka, unamkaribia mtu mwenye kombora la begani. Kombora hilo hufuata joto la injini, linafika kilomita 3 hadi 5 hivi, na bei yake kando ya bei ya ndege ni kama mtumbwi kando ya meli ya Kalundu. Kwa hiyo asiye na jeti halazimiki kununua jeti. Ananunua cha kuizuia ya mwenzake.

Tuliona tarehe 24/01/2023. Sukhoi ilikuwa inarudi Goma, kombora likalipuka karibu na bawa lake, video ikazunguka kila simu. Rubani aliishusha, moto ukazimwa. Kigali ilisema ndege iliingia anga yake, Kinshasa ikasema hapana, ni kitendo cha vita. Siwezi kuamua hapa, lakini hesabu ndogo inasaidia. Kwa kilomita 900 kwa saa, ndege inakula mita 250 kila sekunde. Kutoka Uvira hadi Bujumbura, kuvuka ziwa moja kwa moja, ni kama kilomita 25: chini ya dakika 2! Rubani anayegeuza ndege karibu na mpaka hana nafasi ya kufikiri mara mbili.

Halafu kuna uwanja. Goma ilipoanguka Januari 2025, na Kavumu mwezi uliofuata, ndege zilipoteza viwanja vya karibu. Kisangani hadi kwetu ni kama kilomita 600 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi, na mabomu chini ya mabawa, kwa Sukhoi ni safari ngumu sana. Kwa droni ya Kichina CH-4 si ngumu: ina mabawa ya mita 18, inaenda polepole, lakini inaweza kukaa angani zaidi ya siku nzima. Rubani wake amekaa chini mbele ya skrini, na ikianguka yeye anaenda kula chakula chake. Kwa droni ndiyo aliuawa Makanika, kiongozi wa Twirwaneho, huko Minembwe tarehe 19/02/2025. Hata hivyo droni nayo ina udhaifu. Inategemea mawasiliano ya redio na setilaiti, na wataalamu wa UN wameripoti kwamba GPS ilivurugwa Kivu ya Kaskazini, hadi ndege za misaada zikapata shida.

Sasa turudi kwa mtu, maana picha za ndeke hazionyeshi mtu. Ripoti za UN za 2023 zinaitaja Agemira, kampuni ya nje iliyopewa kazi ya kuhudumia ndege za FARDC. Ndege ni yetu, lakini spana iko mkononi mwa mgeni. Na si jambo jipya kwenye ziwa hili. Mwaka 1965 waasi wa Fizi-Baraka hawakuwa na ndege. Serikali ilikuwa na T-28 na B-26 za Marekani, zikirushwa na Wakuba waliomkimbia Castro, wakilipwa na CIA. Chini, huko Kibamba, alikuwapo Che Guevara na Wakuba wengine waliotumwa na Castro huyo huyo. Wazee wetu walijificha porini wakati Wakuba wa juu wanatafuta watu wa Wakuba wa chini! Nikiwaeleza wadogo zangu wanadhani nawatania.

Kombora unanunua leo na kulifundisha kwa wiki chache. Rubani wa jeti anataka miaka, mafuta ya kuruka kila wiki, na fundi anayejua injini ile kwa jina. Wabelgiji walilijua hilo: miaka ya 1950 walikuwa wanafundisha marubani wao Kamina, Katanga, kwa sababu anga ni safi na njia ya kurukia ni ndefu. Walifundisha marubani wao, si wetu. Kwa hiyo yule kijana wa grupu akiuliza tena, mimi nitamuuliza tu: kati yetu tuliosoma elektromekanike, ni wangapi waliowahi kuiona injini ya ndeke ikiwa wazi?